TETEKUWANGA SI NDUI, WALA SI UGONJWA WA KUDHARAULIWA

Mtoto akiamka na vipele kifuani na homa kidogo, mara nyingi bibi yake humfunua nguo, humtazama, kisha huwaambia wazazi wasihangaike, maana ni tetekuwanga tu. Mara nyingi maneno yake huwa ya kweli. Baada ya juma moja au mawili mtoto hurudi kucheza na wenzake, na alama zilizobaki katika ngozi hufifia. Lakini neno hilo "tu" limewaponza watu wengi. Ugonjwa ulio mwepesi kwa mtoto wa miaka 5 waweza kumwangusha baba yake mwenye nguvu, kumtia hatarini mama mwenye mimba, na hata kumwua mtoto mchanga aliye katika nyumba hiyo hiyo. Tena liko jambo jingine ambalo wengi hawajalisikia, nalo ni kwamba tetekuwanga ina chanjo yake yenyewe, wala chanjo hiyo si ile ya ndui iliyowaachia wazee kovu mkononi.

Tangu zamani watu wameihesabu tetekuwanga kuwa ndugu mdogo wa ndui. Si Waafrika peke yao waliodhani hivyo. Hata madaktari wa Ulaya hawakuyatenga magonjwa haya mawili sawasawa mpaka mwaka 1767, wakati daktari mmoja wa London, William Heberden, alipowaeleza madaktari wenzake kwamba ni magonjwa mbalimbali, na kwamba mtu aliyeugua tetekuwanga asijidhani amekingika na ndui. Leo yajulikana kwamba magonjwa haya hayana udugu wowote. Kila moja huletwa na virusi vyake, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, na virusi vya tetekuwanga ni jamaa ya vile viletavyo malengelenge ya midomoni mtu akishikwa na homa. Kwa hiyo chanjo ya ndui haikumkinga mtu yeyote na tetekuwanga, hata kama alichanjwa mara tatu.

Hapa yafaa kutoa neno juu ya makovu, maana wako watu wazima wanaokunja mkono wa shati na kuonyesha alama, wakisema kwamba wao wamekwisha chanjwa. Mzee aliyezaliwa kabla ya miaka ya 1970 huenda akawa na kovu la ndui. Kijana wa Kenya aliye na kovu dogo katika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, alilipata kwa chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipokuwa mchanga. Makovu yote mawili ni ushahidi mzuri wa kazi iliyofanywa, lakini hakuna hata moja linalohusu tetekuwanga.

Jinsi ya kuyatambua magonjwa haya ilikuwa elimu kubwa siku zile ndui ilipokuwa ikiua watu. Mwenye ndui alishikwa kwanza na homa kali kwa muda wa siku mbili, tatu au nne, akalala kitandani hawezi neno, ndipo vipele vikatokea. Navyo vilijaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, hata katika viganja na nyayo, vikawa vigumu na kukita ndani ya ngozi, na vyote vya mahali pamoja vilikuwa vya umri mmoja. Tetekuwanga haiendi hivyo. Vipele vyake hujaa zaidi kifuani, tumboni na mgongoni, navyo ni vya juu juu tu, mfano wa malengelenge yenye maji safi na ngozi nyembamba, yapasukayo upesi mtoto akijikuna. Tena huja kwa mafungu, leo hivi na kesho vingine, hata mtu akitazama mgongo wa mgonjwa siku ya tatu ataona vyekundu vinavyoanza, vyenye maji, na vilivyokwisha kufanya magaga, vyote pamoja. Viganjani na nyayoni havionekani ila kwa nadra.

Hata hivyo watu wenye ujuzi waliweza kukosea, na kosa moja kubwa lilitokea huko Merca, mji wa pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Kijana mmoja mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin, mwenye umri wa miaka 23, alipanda gari lililowachukua watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Siku kumi baadaye homa ikamshika, akatibiwa kana kwamba ana malaria. Vipele vilipotokea vikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na huko watu wakaja kumjulia hali kama ilivyo desturi. Baada ya siku chache tu ndipo ilipotambulikana kwamba ni ndui. Ilibidi kila mtu aliyekutana naye atafutwe, na watu zaidi ya 54,000 wakachanjwa katika muda wa majuma mawili. Mmoja wa wale watoto wawili, msichana wa miaka 6, alikufa. Maalin alipona, wala hakumwambukiza mtu, akawa wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya muda ya kuwachanja wengine, lakini hakuchanjwa kwa kuogopa uchungu wa sindano. Tarehe 26 Oktoba 1979 ilitangazwa mjini Nairobi kwamba ndui imekwisha katika Pembe ya Afrika, na mwezi wa Mei 1980 ikatangazwa kwamba imekwisha katika dunia nzima.

Msomaji aweza kuuliza ya nini kuyakumbuka hayo, ikiwa ndui haipo tena. Sababu ni kwamba kosa lile lile laweza kufanyika leo kwa ugonjwa mwingine. Mwezi wa Julai 1974 haukuwa na habari hizi Kenya, lakini mwezi wa Julai 1924 wala 1974 si kitu mbele ya Julai 2024, ambapo ugonjwa wa mpox, uliojulikana kwanza kwa jina la ndui ya nyani, ulithibitishwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii, kwa msafiri aliyepimwa huko Taveta mpakani. Mpox ni jamaa ya ndui kwelikweli, nayo huleta vipele viganjani na nyayoni, na mara nyingi tezi za shingoni, kwapani au kinenani huvimba, jambo lisilo la kawaida katika tetekuwanga. Huko Kongo wagonjwa wengi waliodhaniwa kuwa na mpox walipopimwa walionekana kuwa na tetekuwanga, na wengine walikuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu mzima akitokewa na vipele vyenye maji, jirani asiwe hakimu. Zahanati wanaweza kuchukua maji ya kipele wakayapeleka kupimwa, na jibu hilo ndilo la kutegemewa.

Tetekuwanga huambukiza upesi kuliko watu wanavyodhani. Hupita katika hewa mgonjwa anapopumua, kukohoa au kupiga chafya, na hupita pia kwa kugusa maji ya malengelenge. Ikiingia katika nyumba, karibu watu 9 katika kila 10 wasiopata kuugua zamani wataambukizwa. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana, wakati yeye mwenyewe hana habari, na huendelea hivyo mpaka magaga yote yamekauka. Aliyeambukizwa hukaa siku 10 mpaka 21 kabla ya kuona dalili. Ndiyo maana katika shule ya bweni, mahali vitanda vinapokaribiana, mwalimu hudhani ugonjwa umekwisha, kumbe baada ya majuma mawili kundi la pili linaanza kujikuna.

Katika nchi za baridi karibu kila mtu huugua akiwa mtoto. Katika nchi za joto mambo ni tofauti, maana watu wengi zaidi hufika utu uzima bila kupata kuugua. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa kuwa tetekuwanga ni kali zaidi kwa mtu mzima. Homa yake hupanda sana, vipele huwa vingi, na huenda ugonjwa ukashuka mapafuni ukawa nimonia. Mtu mzima mwenye tetekuwanga aliyeanza kukohoa na kupumua kwa shida asingoje kesho.

Lakini wa kuangaliwa kuliko wote ni mama mwenye mimba ambaye hakupata kuugua. Akiambukizwa katika majuma 20 ya kwanza, iko hatari ndogo, lakini ya kweli, kwamba mtoto atazaliwa na kilema cha viungo, macho au ubongo. Akitokewa na vipele katika siku 5 kabla ya kujifungua, au siku 2 baada yake, mtoto huzaliwa akiwa ameupokea ugonjwa bila kupokea kinga, kwa sababu mwili wa mama haukupata nafasi ya kuitengeneza na kumgawia. Mtoto wa namna hiyo aweza kufa. Basi mama aliyekaa chumba kimoja na mgonjwa hana haja ya kungoja vipele. Aende kliniki mara moja, aeleze siku aliyokutana na mgonjwa, maana daktari akiarifiwa mapema ana njia za kumsaidia, na akichelewa njia hizo hupungua. Vivyo hivyo hatari ni kubwa kwa watu ambao nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi imepungua, kama wenye saratani, wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa, na wale watumiao dawa kali zinazozuia kinga.

Kwa mtoto mwenye afya, matunzo ya nyumbani hutosha. Akatwe kucha na kuoshwa mikono mara kwa mara, kwa kuwa kidonda alichokikuna kwa kucha chafu chaweza kuingia usaha, na hiyo ndiyo taabu iwapatayo watoto wengi zaidi. Anyweshwe maji ya kutosha, avae nguo nyepesi. Akina mama wengi huwaogesha watoto kwa maji ya majani ya mwarobaini. Maji ya uvuguvugu hupunguza mwasho, na mradi ni safi hakuna wa kuwagombeza, ila wasidhani kwamba yanaua virusi. Kumfunika mtoto mablanketi mazito "ili vipele vitoke vyote" ni kumtesa bure, kwani joto huzidisha mwasho. Kwa homa apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asipewe kamwe aspirini, hata nusu kidonge, maana kwa mtoto mwenye tetekuwanga yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Onyo hili lafaa lifike hasa kwa wenye maduka ya vijijini wanaouza vidonge viwili viwili bila kuuliza ni vya nani. Dawa ya kupigana na virusi vyenyewe ipo, nayo ni asiklova, lakini hufaa zaidi ikianzwa katika saa 24 za kwanza za vipele, na kwa kawaida hupewa wale walio hatarini.

Wako wazazi ambao husikia kwamba mmoja wa jirani ana mgonjwa, wakampeleka mtoto wao huko makusudi acheze naye, ili augue mapema yaishe. Shauri hilo lina sura ya busara, lakini hakuna ajuaye mbele ni mtoto gani atakayepata ugonjwa mzito, wala ni nani atakayekuwa ameketi karibu naye ndani ya matatu wakati wa kurudi.

Tena si kweli kwamba yaisha. Mtu akipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo na kulala humo miaka mingi. Mtu akizeeka, au kinga yake ikipungua, huweza kuamka na kufuata neva moja mpaka kwenye ngozi, vikaleta mstari wa malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili. Huu ndio ugonjwa ambao wengi huuita mkanda wa jeshi, na ambao watu wengine husingizia uchawi kwa sababu haukuvuka upande wa pili. Daktari wa kijijini huko Uingereza, Edgar Hope-Simpson wa mji wa Cirencester, aliandika habari za wagonjwa wake kwa miaka mingi, na mwaka 1965 akaeleza kwamba mkanda ni tetekuwanga ile ile ya zamani iliyoamka. Mwenye mkanda hawezi kumpa mtu mkanda, lakini aliyegusa maji ya malengelenge yake bila kuwa na kinga aweza kupata tetekuwanga. Kijana akipata mkanda hushauriwa apimwe damu, kwa kuwa huenda ni dalili ya kwanza ya kupungua kwa kinga.

Chanjo ya tetekuwanga ilianzia katika taabu ya baba mmoja. Mwaka 1964 mtaalamu wa Japani, Michiaki Takahashi, alikuwa akifanya utafiti katika mji wa Houston, Marekani, ndipo mwanawe mdogo akaugua. Vipele vilimwenea, homa ikapanda, akawa anapumua kwa shida, na wazazi wakakesha wakimwangalia. Mtoto alipona, lakini baba hakusahau. Aliporudi Osaka alichukua maji ya malengelenge ya mtoto mwingine wa miaka 3, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Oka, akavikuza virusi hivyo katika chembe hai ndani ya maabara, akavihamisha tena na tena, katika baridi iliyopungua kidogo joto la mwili wa mtu, mpaka vikawa dhaifu. Virusi vya namna hii ni kama fahali aliyekatwa pembe. Mwili hukutana navyo, hujifunza kupigana navyo, nao hauumizwi. Habari za kazi hiyo zilitangazwa mwaka 1974. Japani iliiruhusu chanjo mwaka 1986, na Marekani mwaka 1995. Hata leo virusi vilivyomo katika chanjo hii huitwa kwa jina la mtoto yule, Oka.

Kabla ya mwaka 1995 watu wapatao milioni 4 waliugua tetekuwanga Marekani kila mwaka, na kati ya 100 na 150 walikufa, wengi wao wakiwa walikuwa na afya njema. Tangu watoto waanze kuchanjwa kwa wingi, ugonjwa umepungua kwa zaidi ya 97 katika kila 100. Sindano mbili huwazuia zaidi ya watu 9 katika 10 wasiugue, na yule mmoja atakayeugua kwa kawaida hupata vipele vichache na homa ndogo au asipate homa kabisa.

Nchini Kenya chanjo hii haimo katika zile zinazotolewa bure kwa watoto wote, kama za polio, pepopunda na surua. Hupatikana katika hospitali za watu binafsi kwa malipo, na malipo hayo si madogo kwa mkulima. Wengine husikitika kwamba haitolewi, na wana haki ya kusikitika, lakini sababu haikuwa fedha peke yake. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba nchi isianze kuwachanja watoto wote isipoweza kuwafikia angalau 80 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Wakichanjwa nusu tu, ugonjwa hautakwisha bali utapunguza mwendo, na msichana asiyechanjwa atakua bila kukutana nao mpaka siku atakapokuwa na mimba. Hapo taabu itakuwa imehamishwa kutoka kwa mtoto, anayeiweza, na kupelekwa kwa mama, asiyeiweza. Hata Uingereza ilisita miaka mingi, na mwaka 2025 tu ndipo serikali yake ilipotangaza kwamba watoto wote watapewa chanjo hii kuanzia Januari 2026.

Kwa mwenye uwezo wa kuilipia, wa kufikiriwa kwanza ni mtu mzima ambaye hakupata kuugua na ambaye kazi au nyumba yake humkutanisha na walio hatarini, kama muuguzi, mwalimu wa watoto wadogo, na mwanamke anayetazamia kuolewa au kuzaa. Asiyekumbuka kama aliugua aweza kupimwa damu. Mtoto hupewa sindano ya kwanza baada ya kutimiza mwaka mmoja, na ya pili kwa kawaida akiwa na miaka 4 mpaka 6. Aliyetimiza miaka 13 na zaidi hupewa mbili, zikipishana majuma 4 mpaka 8. Mahali pa sindano huenda pakauma, na wengine hutokewa na homa kidogo au vipele vichache. Kwa kuwa virusi vilivyomo ni hai, ingawa ni dhaifu, mwenye mimba hapewi, na aliyechanjwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mwenye kinga iliyopungua sana hapewi pia, na mwenye virusi vya ukimwi huamuliwa na daktari baada ya kupimwa. Aliyekutana na mgonjwa naye hana kinga bado ana nafasi, maana akichanjwa katika siku 3, au hata 5, tangu siku hiyo, aweza kuepuka ugonjwa au kuupata kwa wepesi. Chanjo huharibika ikipata joto, kwa hiyo haifai kununuliwa mjini na kuchukuliwa mfukoni kwenda nyumbani, bali ichomwe pale pale inapohifadhiwa katika baridi, na tarehe ya sindano ya pili iandikwe katika kadi.